Makofi Baada ya Kishindo

Mtu anayeanguka peke yake hajikunjii sweta akaliweka chini ya kichwa chake.

Inspekta aliligundua jambo hilo asubuhi, faili likiwa limebakiza sahihi yake tu. Daktari alikuwa ameshaandika kwamba ni moyo. Koplo naye alikuwa ameshaandika ripoti kwa Kiingereza chake kilekile cha siku zote, ambamo kila mtu huenda kila mahali "quickly", kwa haraka, hata maiti anayepelekwa mochwari. Inspekta alishika kalamu, akaifungua picha ya mwisho kwa mazoea tu, na kalamu ikabaki hewani.

"Hili sweta la nani?"

"La marehemu, afande," alisema Koplo bila kuinuka. Alikuwa mtu mnene mwenye mapenzi ya dhati na kiti chake.

"Marehemu amevaa koti. Sweta hili lina vifungo vya umbo la maua. Sema tena."

Huko mitaani walimwita Mama Tena kwa sababu ya neno hilo. Mshukiwa akishamaliza hadithi yake, Inspekta humwambia aiseme tena, halafu tena. Mkweli kila akirudia hubadilisha maneno, maana anakumbuka tukio. Mwongo hurudia yaleyale, maana anakumbuka maneno.

"Basi la binti yake," alisema Koplo, safari hii kwa sauti ndogo.

Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu aliyefundisha watu wazima Kiingereza katika chumba cha ghorofani, juu ya kibanda cha fundi viatu. Binti yake ni nesi. Ndiye aliyemkuta sakafuni jioni ile, ameshapoa. Wanafunzi wake wote walihojiwa mmojammoja, na Inspekta sasa alizipanga karatasi za maelezo yao mezani, akazisoma moja baada ya nyingine. "Tulimwacha mwalimu akiwa mzima wa afya, amekaa mezani anasahihisha kazi zetu." Fundi cherehani alisema hivyo. Mlinzi alisema hivyo. Msusi alisema hivyo, neno kwa neno, na wengine wote vilevile.

"Darasa zima limekariri," alisema Inspekta. "Chukua kofia yako, Koplo."

"Sasa hivi, afande? Hata chai?"

"Chai utaikuta."

Nyumba ya marehemu ilikuwa bado na viti vingi kuliko watu. Shangazi mtu aliwakaribisha, akawapa maji, akaketi pembeni akiwatazama kwa jicho la kuwalinda watu wake. Binti alitoka chumbani akiwa amejifunga khanga, macho yamevimba, lakini amechana nywele vizuri kama mtu aliyeamua kwamba angalau hilo ataliweza.

"Pole tena, mwanangu."

"Nimepoa, mama. Uliza tu. Kulala kwenyewe silali."

Sweta halikuwa lake. Alilitazama kwenye picha kwa muda, akageuza uso. Siku ile hakuona sweta wala nini, alimwona baba tu.

"Miwani yake uliikuta wapi?"

"Mezani. Ndani ya kifuko chake."

"Kifuko kimefungwa?"

"Kimefungwa. Nilikifungua mwenyewe nyumbani."

"Wanafunzi wanasema walimwacha anasahihisha kazi."

Binti aliinua kichwa. "Bila miwani? Baba bila miwani hanitambui hata mimi mpaka nicheke."

"Huwa anaivua wakati gani?"

"Akilala. Akioga." Alisita, na kwa mara ya kwanza kitu kama tabasamu kilipita usoni pake. "Na akiigiza."

"Anaigiza nini?"

"Vielezi. Baba alikuwa haamini kabisa habari ya kuwatafsiria watu. Alikuwa anasema jina la kitu utaligusa kwa mkono: meza, kikombe. Kivumishi utakiona kwa macho: kikombe chekundu, meza ndefu. Lakini kielezi hakina mwili wake. Hukioni mpaka mtu atende jambo. Kwa hiyo anavua miwani isije ikavunjika, anafunga mlango, halafu anafungua dirisha kwa hasira, au anakunywa maji kwa woga, au anavaa koti kwa majivuno. Nyinyi mnatafuta neno la Kiingereza. Mkikosea anatikisa kichwa. Hasemi kitu na haachi mpaka mpatie."

"Haachi hata wakichoka?"

"Baba? Aliwahi kunionyesha 'patiently', kwa subira, hapo ulipokaa mpaka chakula kikapoa. Marehemu mama alitaka kutuhama."

Shangazi alicheka, kisha akajifunika mdomo na ncha ya khanga.

Inspekta alisubiri. Alishaona mikono ya binti inasokotana, akajua kuna jambo linakuja ambalo halikuulizwa.

"Nilipaswa kumpitia darasa likiisha," alisema binti. "Kila Alhamisi nampitia. Siku ile mwenzetu wodini alikuwa anastaafu, wakakata keki. Nikasema nile kipande kimoja, baba atangoja. Kikawa viwili. Mama, mimi nilikuwa nacheka. Wakati baba yangu anakufa peke yake sakafuni kama mtu asiye na ndugu, mimi nimeshika sahani nacheka. Na mimi ni nesi! Kazi yangu ndiyo hiyo! Wagonjwa wa watu nimewarudisha kwa mikono hii."

"Acha, mwanangu," alisema shangazi.

"Siachi, shangazi. Ningefika kwa wakati baba yangu angekuwa hai. Hilo ndilo nitakaloishi nalo." Alimgeukia Inspekta. "Wewe ukifunga faili lako, sawa. Ila kama kuna chochote cha kujua, hata kiwe kibaya, niambie. Hakuna kibaya kuliko hiki nilichonacho."

Inspekta alijibu kwamba upelelezi haujaisha. Ni jibu la kipolisi, tena baridi, naye aliona aibu kulitoa. Lakini picha ilikuwa mkobani mwake, na alikuwa ameshajua angalau jambo moja: yule mzee hakufa peke yake. Kulikuwa na mtu mle chumbani, akalikunja sweta vizuri, kisha akaondoka na kumwachia binti wa watu mzigo usio wake.

Fundi viatu alikuwa na misumari mdomoni walipofika. Aliitema mmojammoja kiganjani kabla ya kusema lolote.

"Nilishasema. Sikuona kitu."

"Nimesoma," alisema Inspekta. "Na ulisikia nini?"

Fundi alimtazama Koplo kuanzia kofia hadi viatu, hasa viatu. "Huyu bwana aliniuliza niliona nini. Sikuona. Hakuniuliza nilisikia nini."

Koplo alijifanya anasoma bango la bei.

"Sasa nakuuliza mimi."

"Nilisikia kishindo. Sakafu ya juu ni mbao, mama, na dari yangu ndiyo hiyohiyo. Vumbi likaniangukia kwenye soli niliyokuwa nimepaka gundi, ikabidi nianze upya."

"Halafu?"

"Halafu makofi."

"Sema tena."

"Makofi. Watu wakapiga makofi na vigelegele juu, wanapiga na miguu chini, ungedhani kuna mtu kafunga bao. Yakadumu. Halafu kimya. Kimya kirefu, mpaka nikainua kichwa nikatazama dari. Mara nasikia kama kuna watu wanakimbizana, kama wanaburuta kiti. Kisha wakashuka kwa ngazi ya nyuma. Watu wale wakishuka huwa wana kelele kama kuku sokoni. Siku ile, hata kikohozi."

"Kishindo kwanza, ndipo makofi? Una hakika?"

"Vumbi liliniangukia kwa kishindo, siyo kwa makofi."

Nje, Koplo alikuwa ameshapandwa na mori. "Afande, wamemuua wakamshangilia! Nimekumbuka, yule fundi cherehani ndiye aliyekuwa analeta chai ya mwalimu kwenye chupa. Na mwalimu alimkatalia kufanya mtihani, mara mbili, mbele ya wenzake. Anautaka ule mtihani ili aende kwa mwanawe aliyeolewa ughaibuni. Mtu ana kinyongo, ana chai. Unataka nini tena?"

"Chai ilipimwa, Koplo."

"Ikaonekana nini?"

"Chai."

Koplo alinywea. Inspekta alisimama chini ya dirisha la darasa na kuyapanga mambo yake. Kulikuwa na watu chumbani. Mzee alikuwa amevua miwani na kuitia kwenye kifuko, kwa hiyo alikuwa anaigiza. Alianguka. Walishangilia. Aliyarudia mambo hayo kwa mpangilio uleule, na kila alipofika mwisho yalizidi kueleweka, naye hakupenda yanavyoeleweka.

"Waite wote," alisema. "Waje hapahapa darasani. Kila mtu akae kiti chake cha siku zote."

Walifika mchana, mmoja baada ya mwingine, wakakaa bila kusalimiana. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo: meza moja, ubao mmoja, dirisha moja la vioo vyenye ukungu pembeni, na viti vya mbao vilivyopangwa nusu duara kuacha uwanja katikati. Hakuna aliyekanyaga uwanja ule. Kila aliyeingia alizunguka ukutani. Mbele alikaa fundi cherehani, kiongozi wa darasa, mwanamke mpana wa mabega mwenye sindano mbili zimechomekwa kifuani kwenye blauzi. Karibu naye alikaa msusi, binti wa rika la binti wa marehemu, mikono wazi. Mwisho kabisa, karibu na mlango, alikaa mzee mrefu waliyemwita Mzee wa Lori, dereva aliyestaafu, kofia yake magotini.

"Nielezeni siku ile," alisema Inspekta.

"Tulimwacha mwalimu akiwa mzima wa afya," alianza fundi cherehani, "amekaa mezani anasahihisha kazi zetu."

"Tena. Wewe, mlinzi."

"Tulimwacha mwalimu akiwa mzima wa afya, amekaa mezani..."

"Tena. Wewe dada."

"Tulimwacha mwalimu," alisema msusi, akaishia hapo.

Inspekta alifungua mkoba. Akaweka mezani sweta lenyewe, lililokuwa limehifadhiwa kituoni, akanyoosha vifungo vyake vya maua. Pembeni yake akaweka kifuko cha miwani ya mwalimu, alichokiazima kwa binti, pale pale kilipokuwa. Akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa ameifanya kazi hii miaka mingi, akajua kuna wakati swali humpa mtu mahali pa kujificha.

"Fundi viatu alisikia makofi," alisema baadaye. "Nionyesheni mlikuwa mnacheza nini."

"Mama, nakuomba," alisema fundi cherehani. "Tufunge, tupeleke ndani, fanya utakalo. Ila usituchezeshe tena mchezo ule."

"Ni mimi niliyepatia," alisema Mzee wa Lori kutoka nyuma.

Wote waligeuka. Mzee alikuwa anaikunja kofia yake na kuikunjua.

"Mzee, nyamaza," alisema fundi cherehani.

"Sinyamazi, mwanangu. Nimenyamaza vya kutosha, hata chakula hakipiti. Afande, ni mimi niliyepatia."

"Anza mwanzo, baba," alisema Inspekta, na sauti yake ikawa imeshuka.

"Mwalimu alisema leo kuna kielezi kigumu. Akavua miwani. Akafunga mlango. Akaanza kutembea kwenda dirishani, kwa namna fulani, sisi tunatazama. Hata sasa hatujui alitaka neno gani. Alipofika hapo kati akashika meza. Halafu akashika kifua."

"Na hamkuinuka?"

Msusi ndiye aliyejibu, machozi yanamtiririka na hayafuti. "Mama, kuna siku alijiviringisha chini, analia, anashika tumbo. Dada hapa akakimbia na maji. Mwalimu akainuka anajipangusa vumbi, akamwambia, nani kakuita? Nilitaka neno, sikutaka maji. Kaa chini utafute neno. Tulimcheka dada wiki nzima."

"Walinicheka," alisema fundi cherehani. "Nikaapa siinuki tena."

"Tukaanza kutaja," aliendelea msusi. "Mimi nikasema 'painfully', kwa maumivu. Akatikisa kichwa. Nikasema 'weakly', kinyonge. Akatikisa kichwa. Akatunyooshea mkono, hivi."

Aliunyoosha mkono wake, kiganja juu, vidole vimekunjuka. Inspekta aliutazama mkono ule, akatamani msusi aushushe.

"Tukajua tumekosea," alisema mlinzi. "Tukajaribu mengine. Akapiga magoti. Jasho linamtoka. Nikamwambia mwenzangu, leo mwalimu kaamua. Tukacheka, afande. Kusema kweli tulicheka."

"Alisema neno lolote?"

"Mdomo ulikuwa unacheza, sauti haitoki. Lakini ndiyo sheria ya mchezo. Hasemi."

Koplo alikuwa ameacha kuandika.

"Mimi mtu wa mwisho," alisema Mzee wa Lori. "Mimi Kiingereza hakiingii, afande. Nilikuja kwa ajili ya wajukuu. Wamezaliwa huko kwa watu, hawajui lugha nyingine, nikipiga simu wanacheka wanampa baba yao. Neno nililokuwa nalo la hakika ni moja tu, 'slowly', polepole, kwa sababu nimeendesha lori maisha yangu yote na neno hilo limeandikwa kila kona ya barabara. Kila mchezo nalisema hilo, na kila mchezo nakosa. Mwalimu alikuwa ananiambia, Mzee, si kila jambo duniani ni 'slowly'. Basi siku ile pia nikalisema."

Akaikunja kofia yake kwa mara nyingine.

"Nilivyolisema tu akaanguka. Na akaacha kutikisa kichwa."

Inspekta alifumba macho.

"Nikajua nimepatia," alisema mzee. "Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliruka na miguu yangu hii mibovu."

"Tulisimama sote," alisema fundi cherehani. "Mzee hajawahi kupatia hata siku moja tangu aje. Tulimpigia makofi yeye. Tukapiga na vigelegele. Mwalimu amelala chini hapo, na sisi tunamzunguka mzee tunampongeza. Halafu ndipo nikaona. Kwa kawaida akimaliza anainuka, anainama mbele yetu. Hakuinuka. Nikainama nikamwekea shavu puani. Hakuna kitu. Msusi akamkandamiza kifua, akamkandamiza mpaka tukamshika mikono. Akavua sweta lake akamlaza nalo."

"Sikutaka kichwa kikae kwenye mbao," alisema msusi.

"Mbona hamkuita mtu?"

"Alikuwa ameshakwenda."

"Hilo si lenu kuamua! Ngazi ile pale, fundi viatu chini pale. Mkakimbia kwa nyuma kama wezi, mkaja mkakaririshana uongo."

"Ni mimi," alisema fundi cherehani. "Andika mimi peke yangu, hawa niliwaburuta. Na Koplo naona ananitazama, anafikiri habari ya mtihani. Mwalimu alinikatalia mara mbili na mara zote mbili alikuwa na haki. Sikumchukia. Nilikimbia kwa sababu ya binti yake. Ungesimama vipi mbele ya mtoto wa mtu ukamwambia, baba yako alituomba msaada, sisi tukampa maneno?"

Hapo Inspekta alikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa nusu kilio.

"Mnajua huyo binti mmemwachia nini? Mnajua anasema nini kule nyumbani? Anasema ni yeye aliyemuua baba yake, kwa sababu alichelewa kumpitia. Alikuwa kwenye sherehe ya mwenzake anakula keki. Anasema baba alikufa peke yake kama mtu asiye na ndugu, na ataishi nalo mpaka anaingia kaburini. Mliificha aibu yenu, aibu ikaenda kukaa kwa mtu mwingine."

Fundi cherehani aliwageukia wenzake. Hilo hawakulijua. Lilionekana wazi kwenye nyuso zao zote, na Inspekta, ambaye kazi yake ilikuwa kutoamini nyuso, aliziamini.

Mzee wa Lori alisimama, akavaa kofia. "Nipeleke kwake," alisema.

Njiani Inspekta alimpigia simu daktari. Alimwuliza kama mzee angepona iwapo wangeita gari la wagonjwa pale aliposhika meza. "Labda," alisema daktari. "Labda hapana. Moyo ulikuwa umechoka siku nyingi. Usiniandikishe zaidi ya hapo." Inspekta alimwambia Koplo aliandike hivyohivyo, na kwamba kosa la kuwadanganya polisi lipo na litaandikwa pia, kwa jina la fundi cherehani, maana amelidai mwenyewe. Koplo aliuliza kama aandike kwa Kiingereza. Inspekta akamwambia aandike kwa lugha anayoijua, kwa siku moja tu, ili mtu akisoma aelewe kilichotokea.

Binti aliwapokea sebuleni, amesimama. Shangazi alikuwa nyuma yake. Fundi cherehani alisimama mlangoni hakuthubutu kuingia, lakini Mzee wa Lori aliingia moja kwa moja, akavua kofia, akasema yote. Hakujitetea. Hakuruka mahali walipocheka. Alipofika kwenye makofi aliyasema pia.

Binti alisikiliza bila kumkatiza. Mzee alipomaliza, binti aliuliza swali moja.

"Alitikisa kichwa namna gani?"

Mzee alimwonyesha. Kwa upande mmoja, kwa upande wa pili, polepole, kidevu kimeinuka.

Nesi alikitazama kidevu kile. Amewaona watu wengi kitandani wakitafuta hewa kwa kidevu namna ile.

"Hakuwa anawaambia mmekosea," alisema.

"Sasa najua, mwanangu."

"Alikuwa anakosa pumzi."

"Sasa najua."

Shangazi alianza kulia kwa kwikwi. Fundi cherehani alijibana kwenye fremu ya mlango. Inspekta alijiandaa kuingia katikati, kwa maana ameshaona nyumba za msiba zikigeuka uwanja wa vita kwa maneno machache kuliko hayo. Lakini binti hakusogea. Alikuwa anafikiri, kama mtu anayepima dawa.

"Darasa lilikuwa halijaisha," alisema. "Mlango ulikuwa umefungwa."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ningewahi, ningewakuta mnacheza." Alimtazama Inspekta. "Mama, mimi nimekulia kwenye mchezo huu. Ningefika pale, nikachungulia mlangoni, nikamwona baba amevua miwani amepiga magoti, unajua ningefanya nini? Ningesimama hapohapo ningoje mpatie. Tena ningeanza kutafuta neno na mimi. Nina hakika ningepiga na makofi."

Aliitazama mikono yake.

"Kwa hiyo si keki," alisema binti.

"Si keki, mwanangu," alisema Inspekta. "Ndicho nilichokuja kukuambia. Hukumuua baba yako. Na hakuwa peke yake. Alikuwa na watu wanaompenda, wakamtazama mpaka mwisho, hawakujua wanachokitazama."

Binti aliinamisha kichwa kukubali. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, taratibu, kama mgonjwa anayekalishwa. Inspekta alingoja kuona uso ukifunguka. Alikuwa amelibeba jambo hili siku nzima akijiambia kwamba ni zawadi, zawadi mbaya lakini zawadi, na kwamba mtu akitolewa mzigo huinua kichwa.

Kichwa hakikuinuka.

"Siku zote hizi nilikuwa na kosa langu," alisema binti. "Nalala nalo, naamka nalo, naligombeza. Nilikuwa na kazi ya kufanya. Sasa mmeliondoa." Aliikaza khanga yake. "Mmeliondoa, na nyuma yake hakuna kitu kingine. Baba hayupo tu."

Ndipo alipolia, kwa sauti, kilio cha kwanza tangu mazishi. Mzee wa Lori alivuta kiti, akakaa karibu naye, akalia naye. Shangazi akamwita fundi cherehani aingie ndani, asisimame mlangoni kama mgeni.

Inspekta aliufunga mkoba wenye picha. Alikuwa na sahihi ya kwenda kutia na mtu wa kumfungulia jalada, lakini alikaa.